Nyota ya Tepe Nne

Katika lugha ya Kiganda siku ya Krismasi huitwa Ssekukkulu. Mwalimu wa Kiswahili alisikiapo neno hilo hahitaji kamusi. Ni sikukuu yetu ile ile, iliyopanda bara katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ikavikwa sauti za wenyeji, ikakaa. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi husema Noheli, kwa kuwa wao walilipokea neno kwa njia ya Kifaransa. Hivyo kila taifa limeazima neno mahali fulani, likalilainisha hata likaingia kinywani mwake, na hakuna leo awezaye kumwambia Mganda kwamba Ssekukkulu si neno lake.

Twaanza na neno kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, na kila mtu huingia shambani kwa njia aijuayo. Lakini makala haya hayahusu maneno peke yake. Yahusu vitu vidogo vitengenezwavyo kwa mikono majumbani mwetu katika majuma ya Majilio: nyota, minyororo ya karatasi na pango la Noeli. Twataka kuuliza kama vitu hivyo vina haki ya kuendelea kuishi, maadamu duka la kila mji mdogo sasa limejaa mapambo ya plastiki yanayong'aa, mengi yao yakitoka katika mji wa Yiwu nchini China, na bei yake haimshindi hata mwalimu. Swali hili liliulizwa nyumbani kwetu, wala halikuulizwa kwa upole.

Kwetu ni upande wa Masaka, nchi ya migomba, kusini magharibi ya Kampala. Mtu akitaka kupamba nyumba huku, vifaa vimo uani. Mgomba ukishakatwa baada ya kuzaa, maganda ya shina lake hukauka, na ndani yake hupatikana ukanda laini wa rangi ya asali, mwingine mweusi, mwingine mweupe kama maziwa yaliyochanganywa na chai. Karibu na mabonde yenye maji humea mkindu, na majani yake huchanwa, hutiwa rangi na kusukwa mikeka. Hapa pia neno limesafiri, maana Waganda husema omukeka. Na juu ya vyote kuna mti wa mutuba, mzazi wa nguo ya gome ambayo wenyeji huiita lubugo.

Yafaa tuieleze nguo hii kidogo kwa faida ya wasomaji wasioifahamu. Wakati wa mvua gome la mutuba hubanduliwa kwa uangalifu, kisha shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisije likakauka. Mti haufi. Huota gome jingine, na baada ya mwaka waweza kuvunwa tena. Gome lililobanduliwa hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mifuo mipana, halafu myembamba, mpaka litanuke na kulainika kama kitambaa, na likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Shirika la UNESCO liliitangaza kazi hii mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi kuu za binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya turathi zisizoshikika. Nyumbani kwetu vipande vyake vilivyosalia ndivyo vilivyowavika Yosefu na wachungaji joho zao.

Mti wenyewe wa Krismasi si wa kwetu wala si wa Ulaya. Ni tawi la msaipresi, na mti huo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao, ukapandwa milimani na kandokando ya makanisa na shule. Tawi husimamishwa katika kopo lililojazwa udongo na mawe, na juu yake watoto hubandika pamba kuwa theluji, ingawa hapana hata mmoja wao aliyeishika theluji, na barafu ya milima ya Ruwenzori, iliyo katika nchi yetu wenyewe, yazidi kupungua kila mwaka. Minyororo hutengenezwa kwa kurasa za madaftari ya mwaka uliokwisha, zikagandishwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kwa hiyo mtu akiwa na macho mazuri aweza kukaa sebuleni kwetu sikukuu nzima akisoma hesabu na imla za watoto ukutani, pamoja na alama walizopata.

Lakini pambo lililoipa nyumba yetu jina kijijini ni nyota. Mama yetu alijifunza kuikunja katika miaka ya 1960, alipokuwa msichana katika shule ya masista, na wakati huo ilikunjwa kwa karatasi. Huchukuliwa tepe nne zilizo sawa, urefu wa kila moja ukiwa kama mara thelathini ya upana wake. Kila utepe hukunjwa katikati ukawa mara mbili. Kisha zote nne hupitishwa moja ndani ya mwenzake mpaka zikabane na kufanya mraba, kila moja ikimfunga jirani yake na yenyewe ikifungwa na mwingine. Hapo zimebaki ncha nane. Kwa kukunja na kuchomeka hutokea pembe nane zilizolala; kisha mkono hupindua tepe, na pembe nyingine nane husimama, nne upande huu na nne upande wa pili. Jumla pembe kumi na sita, bila gundi, bila uzi, bila sindano.

Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada ya ualimu, tulifundishwa habari za Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782, akafungua mwaka 1837 mahali pa kuwalelea watoto wadogo mjini Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akapabuni jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Mwalimu huyo aliamini kwamba mtoto huelewa kwa mikono kabla ya kuelewa kwa maneno, na ukunjaji wa karatasi ulikuwa mojawapo ya kazi alizowapa watoto. Miaka mingi baadaye tuligundua kwamba Wajerumani huiita nyota hii ya tepe nne kwa jina lake. Tulimpelekea mama habari hiyo kwa furaha kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama bwana huyo aliikunja kwa ukindu. Tukamjibu kwamba sivyo, ilikuwa karatasi. Akasema, "Basi yake ilikuwa rahisi."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Karatasi hutii. Ukindu hauna budi kulowekwa usiku mmoja, kisha kukunjwa ungali na unyevu, kwani ukikauka huvunjika penye kunjo. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, huenda walikuwa wanatazama samaki, lakini kila aliyewahi kushika ukindu anajua kwamba methali hiyo ni ya huku pia. Tena jani la mkindu ni fupi kuliko karatasi. Basi mama huuchana utepe mwembamba zaidi ili uwiano usipotee, na nyota yake hutoka ndogo, ngumu, yenye kukaa miaka kumi.

Tugeukie sasa pango. Yasemwa kwamba Fransisko wa Assisi ndiye aliyeonyesha hori la Noeli mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio, Italia, akitumia majani makavu pamoja na ng'ombe na punda walio hai. Tangu hapo kila nchi imeliunda pango kwa kile kilichopo. Letu ni la mgomba. Kila sanamu huwa na moyo ndani, yaani kitita cha maganda yaliyosokotwa na kukazwa kwa kamba. Juu ya moyo huviringishwa kanda laini, safu juu ya safu, mpaka mwili upate umbo. Marehemu baba yetu aliweka desturi kwamba kila mtoto wa nyumba akifika darasa la tatu hutengeneza sanamu moja, na sanamu hiyo haitupwi. Kwa sababu hiyo pango letu lina kondoo wengi kuliko wachungaji wawezavyo kuwalisha, mamajusi wanne, na ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu za Ankole. Ng'ombe huyo aliundwa na kaka yetu. Kaka alitutoka mwaka 2018, akaacha mjane na mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 2022, katika juma la pili la Majilio, tulifungua sanduku tukakuta wadudu wameingia. Kondoo wawili walikuwa vumbi. Ng'ombe wa kaka alikuwa ametoboka ubavuni na kupoteza pembe moja. Dada yetu mkubwa, aishiye Kampala na ambaye ndiye anayegharimia sehemu kubwa ya sikukuu, alitazama ndani ya sanduku, akasema kwamba mambo haya sasa yatosha. Alikuwa amekuja na mti wa plastiki na taa zake, na sanamu za pango za plasta zilizopakwa rangi ya dhahabu. Akataka vile vya zamani vichomwe pamoja na takataka za uani.

Hatupendi msomaji amdhanie dada yetu kuwa mtu asiye na moyo. Alitoa sababu zake, na ni sababu nzito. Alisema kwamba alipokuwa mtoto, wenzake waliingia sebuleni mwetu wakasoma madaftari ukutani na kucheka. Kwamba walimwita binti wa karatasi mpaka alipomaliza shule. Kwamba sisi wadogo zake tunaona utamaduni pale ambapo yeye aliona kukosa. "Ninyi mwasifu mgomba," alisema, "kwa sababu hamkulazimika kuuona aibu." Akaongeza kwamba lubugo ndiyo nguo tunayozikia wafu wetu, naye hapendi kuiona katika chumba cha watoto siku ya furaha.

Maneno hayo yalitunyamazisha, kwa maana yalikuwa na ukweli. Mara nyingi wanaoandika kuhusu sanaa za jadi huandika wakiwa wameshiba. Kitu kilichofanywa kwa mkono kwa kuwa hapakuwa na fedha, na kitu kilichofanywa kwa mkono kwa kupenda, mbele ya macho hufanana, lakini aliyekitengeneza hawezi kuvifananisha. Tusipokiri jambo hilo, sifa zetu zote huwa mapambo ya plastiki nazo.

Aliyejibu alikuwa mama. Mama yetu ana ugonjwa wa presha ya macho, na kufikia mwaka huo alikuwa haoni ila mwanga na kivuli. Hakumkemea dada. Alisema kwamba lubugo huzikia watu, ni kweli, na ndiyo pia inayovaliwa na mfalme anapotawazwa. Nguo ni moja, siku ndizo mbili. Kisha akaomba apewe ng'ombe mkononi. Akampapasa kwa muda, akabandua maganda yaliyoliwa, safu moja baada ya nyingine, akiyatupa chini, hata tukafikiri kwamba anambomoa kabisa. Alipofika ndani akasimama. "Moyo mzima," alisema. "Wadudu wamekula ngozi. Moyo huu aliukaza mwenyewe, na fundo ni la mkono wake wa kushoto."

Ilikuwa kweli. Kaka yetu alikuwa akitumia mkono wa shoto, na fundo lilikuwa limepinda upande usio wa kawaida. Sisi tunaoona tulikuwa tumemwangalia ng'ombe huyo kila mwaka bila kulijua.

Mama akamwita mtoto wa kaka, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi. Mtoto huyu, tangu ahamie Kampala kwa upande wa mama yake, alikuwa akizungumza Kiingereza peke yake, na Kiganda chake kilikuwa cha kusalimia tu. Bibi hana Kiingereza. Wawili hao walikuwa wakipendana kwa ishara, kama wasafiri wawili waliokutana njiani. Siku ile alikalishwa mkekani mbele ya bibi, kila mmoja ameshika ncha moja ya ukanda, na kazi ikaanza: vuta, zungusha, kaza, legeza kidogo, rudi, funga. Kila tendo lilikuwa na neno lake, na kila neno lilifika pamoja na mkono wa bibi juu ya mkono wake. Jioni alikuwa amekwisha yajua maneno kama ishirini ambayo hakuna kitabu kilichokuwa kimemfundisha. Alipokosa neno alimgeukia shangazi yake, na shangazi, ambaye bado alikuwa amenuna, alimjibu. Mara ya tatu alikuja kukaa mkekani mwenyewe, akasema mtoto anakaza vibaya. Dada yetu, msomaji afahamu, ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko sisi sote.

Usiku ule nyumba iliwashwa taa za plastiki za dada, zikazungushwa mlangoni mwa pango la mgomba, na kusema kweli zilipendeza. Sanamu za plasta zilipewa meza yao kando. Ng'ombe alirudi na ngozi mpya na pembe mbili za kijiti zisizolingana. Mabishano hayakwisha siku hiyo, wala mwaka uliofuata, na hatudhani kwamba yatakwisha. Lakini habari ya kuchoma sanduku haikutajwa tena.

Tulirudi kazini tukiwa na jambo la kufikiri. Mwezi Julai mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri ni jambo moja, na ulimi wa mwanafunzi ni jambo jingine. Walimu wenzetu wanafahamu kwamba katika nchi yetu watu wengi walikutana na Kiswahili kwanza katika kinywa cha askari, na kwamba wazazi wengine hawajasahau. Mtoto anapokiogopa Kiswahili, mara nyingi ameirithi hofu hiyo.

Novemba iliyofuata tulipeleka darasani karatasi, mikasi na ukindu uliolowekwa. Tulikuwa tumefika kwenye ngeli ya U-N, ambayo wanafunzi huiona ngumu. Tukawaambia wakate utepe mmoja. Utepe ni mrefu. Kateni tatu nyingine; sasa tepe ni ndefu. Uzi mwembamba, nyuzi nyembamba. Ndipo msichana mmoja aliponyosha mkono, akasema kwamba haya ni mambo ya kwao nyumbani: olubugo, embugo. Mwingine akadakia: olubaawo, embaawo. Tukaandika karibu yake: ubao, mbao. Mwingine akapata olulimi, ennimi, nasi tukaandika ulimi, ndimi. Darasa likacheka, kama mtu acheka akimtambua jamaa yake sokoni. Kabla kengele haijalia walikuwa wameorodhesha jozi kumi na mbili, na nyota tano zilikuwa zimekamilika. Nyingine zilikuwa zimekwama penye pembe ya tisa, ambapo hata watu wazima hukwama.

Hatusemi kwamba ukindu utafundisha sarufi peke yake. Twasema kwamba mkono ukiwa na kazi, ulimi hupoteza woga, na kwamba maelekezo ya kutengeneza kitu ni insha iliyo tayari: kwanza, kisha, baada ya hapo, hatimaye. Wanafunzi wetu wa Kiislamu waliikunja nyota ile ile, wakasema wataitundika nyumbani siku ya Idi, nasi hatukuona sababu ya kuwazuia. Nyota haina dini mpaka itundikwe.

Kuna jambo moja bado latusumbua. Mama yetu hawezi tena kuchana ukindu, na katika familia nzima ni watu wawili tu wanaojua kuikunja nyota kwa jani badala ya karatasi: dada yetu, asiyependa, na mtoto wa kaka, apendaye lakini akaaye mjini ambako hakuna mkindu. Kila likizo ya Desemba humpelekea kitita kilichofungwa kwa gazeti bichi. Mwaka jana mtoto alimwandikia bibi yake barua fupi ya Kiganda, yenye makosa sita, akiomba kitita kinene zaidi. Dada alimsomea mama barua hiyo mara mbili, na wala hakuyataja makosa.

Walimu wenzetu, twawaombeni jambo dogo. Likizo ijayo, kila mmoja wenu akae na mzee mmoja mwenye kazi ya mikono, iwe mkeka, kikapu, ngoma au sanamu ya sikukuu, aandike majina ya vifaa na ya matendo katika lugha ya mahali, na karibu yake aandike Kiswahili chake. Kwa mfano, sindano kubwa ya kushonea mikeka Waswahili huiita shazia. Tuliwauliza walimu saba, na wawili tu waliijua. Tukiyakusanya maneno hayo na kuyachapisha katika jarida letu hili, tutakuwa na somo la kufundishia na kumbukumbu ya kuhifadhi. Orodha yetu ya Masaka ina maneno hamsini na matatu, na iko tayari kwa yeyote atakayeihitaji.

Anayetaka nyota pia tutampa. Ila ukindu alete mwenyewe, na aulete mbichi.